Somo: Kuuliza njia na kuvuka barabara kwa Kichina

Wanafunzi wapya wakishafika China swali ni hilohilo: njia naulizaje na barabara navukaje? Kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa.

1. Kuuliza: Qǐngwèn, dìtiězhàn zěnme zǒu? (请问，地铁站怎么走？) Samahani, kituo cha treni ya chini ya ardhi naendaje? Badilisha jina la mahali tu.

2. Kuelekezwa: yìzhí zǒu, nyoosha, wǎng zuǒ guǎi, kata kushoto, wǎng yòu guǎi, kata kulia. Njia panda ni lùkǒu, taa ni hónglǜdēng.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Zǒu (走) ni kutembea, zuǒ (左) ni kushoto, na zote ni toni ya tatu, yaani mpando wa sauti wenye alama ˇ (ya pili ni ´, ya nne ni `). Zǒu inaishia kwenye "u": dzo-u. Zuǒ inaanzia kwenye "u": dzwo. Ukizipindua, hueleweki. Halafu kuna zuò (坐), toni ya nne, kupanda chombo: zuò chē, kupanda gari. Tenganisha pia lù (路), barabara, na lǜ (绿), kijani: kwa lǜ tamka "i" huku midomo umeibana kama ya "u". Kwenye simu, lǜ iandike lv.

4. Kuvuka: guò mǎlù. Pita kwenye zebra, bānmǎxiàn. China magari yanapita kulia, kwa hiyo uliyezoea Dar au Nairobi angalia KUSHOTO kwanza. Na taa yako kuwa kijani haitoshi: gari linalokata kulia kwa kawaida linaruhusiwa kupita hata taa yake ikiwa nyekundu, na pikipiki za umeme, diàndòngchē, huzisikii zikija.

MASWALI

– Mkuu, kulia wanasemaje?
Hatua ya 2. Soma kwanza.

– Mbona nikisema "wǒ zǒu le" wananiaga?
Umewaambia unaondoka. Kwenda kwa miguu ni zǒulù: zǒulù shí fēnzhōng, dakika 10 kwa miguu.

– Nawasikia wakisema "wáng zuó guǎi". Au masikio yangu?
Masikio yako mazima kabisa! Toni ya tatu ikifuatwa na nyingine ya tatu, ya mbele inapanda kama ya pili. Hapa ziko tatu mfululizo, basi mbili za mwanzo zinapanda, ya mwisho inabaki. Maandishi hayabadiliki. Ukiwa Beijing zoea na dōng, nán, xī, běi (mashariki, kusini, magharibi, kaskazini), maana wengi huelekeza kwa dira: wǎng dōng zǒu, nenda mashariki.

– Na kushuka kwenye teksi?
Shīfu, kàobiān tíng: simama pembeni. Shīfu ni heshima kwa dereva, hata kwa fundi. Mwambie mapema, sheria haimruhusu kusimama ndani ya mita 50 kutoka njia panda.