SOMO: Laptopu haishiki hotspoti ya simu? Anzia kwenye simu kabla hujapiga Windows upya

Wakuu, salamu. Tatizo hili naulizwa mara kwa mara: simu ina bando, hotspoti imewashwa, simu za wenzako zinashika vizuri, lakini laptopu haitaki. Na wengi wanaoniuliza wanakuwa wameshapiga Windows upya, au kuna mtu amewashauri wapige. Tafadhali usifike huko. Laptopu nyingi za namna hii zilizopita mikononi mwangu zilikuwa nzima kabisa. Dawa ilikuwa kubadili kitu kimoja kwenye simu.

Binti mmoja aliniletea laptopu usiku akiwa na saa chache tu za kutuma maombi ya chuo. Laptopu ilikuwa inaona waifai za majirani zote, ila jina la simu yake halimo. Alikuwa ameshaambiwa kadi ya waifai imekufa, anunue nyingine. Nikachukua simu yake, nikafungua mipangilio ya hotspoti, nikashusha masafa kutoka GHz 5 kwenda GHz 2.4. Tukakaa tunaitazama orodha kwenye kioo cha laptopu. Baada ya sekunde chache jina likatokea juu kabisa, tena likiwa na vijiti vyote. Kadi inayoona waifai ya jirani haijafa, wakuu. Mtu akikwambia imekufa, muulize hayo majina mengine inayaonaje.

Hatua ya 1: Jua imekwamia wapi

Laptopu ikitafuta intaneti kwa simu inapita vituo vinne: inaliona jina, inakubaliwa nywila, inapewa anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao), halafu ndipo intaneti inapita. Kila kituo kina dawa yake. Ukihangaika na draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai) wakati shida ni nywila, utakesha bure.

Kwanza unga simu nyingine kwenye hotspoti hiyohiyo na ufungue tovuti yoyote. Ikifunguka, bando na mtandao wa simu viko sawa, endelea na hatua ya 2. Isipofunguka, iache laptopu kwanza, shida iko kwenye simu au kwenye laini. Angalia kama kiokoa data (“Data Saver”) kimewashwa, maana kwenye Android kikiwaka hotspoti haifanyi kazi. Angalia pia VPN ya simu (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), izime ujaribu tena. Kama simu yenyewe inapata intaneti lakini hakuna kifaa kinachopata kupitia hotspoti, uliza mtandao wako wa simu kama kifurushi chako kinaruhusu kushirikisha data. Vingine haviruhusu.

Hatua ya 2: Jina halionekani kabisa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tusiharakishe.

Waifai inasafiri kwa masafa tofauti. GHz 2.4 ni ya zamani, inafika mbali, na karibu kila laptopu inaielewa. GHz 5 ina kasi zaidi lakini haipenyi kuta vizuri, na laptopu nyingi za bei nafuu au za miaka ya nyuma hazina uwezo wa kuisikia. Simu mpya nyingine zina hata GHz 6. Simu ikirusha kwa GHz 5 na kadi yako inasikia GHz 2.4 peke yake, kwa laptopu hiyo hotspoti ni kama haipo.

Usikisie, pima. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika cmd, fungua dirisha jeusi, kisha andika:

netsh wlan show drivers

Bonyeza Enter na utafute mstari wa “Radio types supported”. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi yako ni ya GHz 2.4 tu. Usilifunge dirisha hilo, tutalirudia.

Sasa nenda kwenye simu. Kwenye Android fungua mipangilio ya hotspoti utafute sehemu ya masafa, uchague GHz 2.4. Kwenye iPhone 12 na za baada yake, ingia “Personal Hotspot” uwashe “Maximize Compatibility”. Kazi yake ni hiyohiyo, kuirudisha simu kwenye GHz 2.4. Kasi itapungua kidogo, lakini utakuwa na intaneti.

Kwa wa iPhone kuna jambo jingine: baki kwenye ukurasa wa “Personal Hotspot” mpaka laptopu ishike. Ukitoka mapema au kioo kikizima, simu inaweza kuacha kujitangaza, nawe utaishia kutafuta jina ambalo halipo hewani.

Hatua ya 3: Jina lipo, lakini laptopu inakataliwa

Ukipata ujumbe wa “Can't connect to this network”, anza kwa kuifanya laptopu isahau. Windows hutunza nywila ya zamani na kuirudia kimyakimya, hata kama uliibadilisha kwenye simu jana. Ingia “Settings”, “Network & internet”, “Wi-Fi”, “Manage known networks”, tafuta jina la simu yako, bofya “Forget”. Kisha unga upya na uandike nywila kwa mkono, usinakili.

Ikikataa tena, angalia aina ya ulinzi wa hotspoti: WPA2 ni ya zamani, WPA3 ni mpya. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na Windows 10 ilianza kuielewa kwenye toleo la 1903, la mwaka 2019. Kadi na draiva za zamani haziijui. Rudi kwenye lile dirisha jeusi, soma orodha iliyo chini ya “Authentication and cipher supported”. Kama WPA3-Personal haimo, iweke hotspoti kwenye WPA2. Usikubali ushauri wa kuiacha wazi bila nywila; WPA2 yenye nywila nzuri inatosha kabisa.

Tatu, na hili limewatesa wengi bila kujua: jina la simu. Baadhi ya simu hujipa jina la mwenyewe, na kwa majina ya Kiingereza huingia ritifaa, ile alama tunayoiandika kwenye ng'ombe. Shida ni kwamba simu inaweza kuweka ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa na ile iliyonyooka. Emoji nazo ni hivyohivyo. Baadhi ya laptopu zikikutana na jina la namna hiyo zinashindwa kuunga, na hakuna ujumbe utakaokueleza sababu. Badilisha jina liwe herufi na tarakimu tupu, kwa mfano simu2. Kwenye iPhone jina linabadilishwa “Settings”, “General”, “About”, “Name”. Kwenye Android liko palepale kwenye mipangilio ya hotspoti. Nywila nayo iwe ya herufi za kawaida, zisipungue 8.

Mwisho, chungulia idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa na orodha ya waliozuiwa. Mtu huizuia laptopu yake siku moja akijaribu mambo, halafu anasahau.

Hatua ya 4: Imeunga, lakini hakuna intaneti

Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig, bonyeza Enter, usome namba iliyo kwenye mstari wa “IPv4 Address” chini ya sehemu ya Wi-Fi.

Namba ikianza na 169.254, laptopu iliomba anwani kwa simu, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Kwa anwani hiyo hutoki nje. Zima hotspoti na uiwashe tena, kisha andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Kwa kulinganisha, iPhone hugawa anwani kati ya 172.20.10.2 na 172.20.10.14. Simu nyingi za Android zilizoea kugawa zinazoanza na 192.168.43, ingawa mpya hubadilisha.

Ukiona namba ambayo mwanzo wake haufanani na wa ile iliyopewa simu nyingine uliyounga, huenda kuna mtu aliwahi kuiandika kwa mkono. Hii naikuta sana kwenye laptopu zilizotumika maofisini. Andika ncpa.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, “Properties”, kisha “Internet Protocol Version 4”. Chagua “Obtain an IP address automatically”, na chini yake “Obtain DNS server address automatically”.

Kama anwani ni nzuri na bado kimya, andika ping 8.8.8.8, yaani uigongee hodi seva ya Google. Yakirudi majibu ya “Reply from”, intaneti inafika, kinachokwama ni kutafsiri majina ya tovuti. Andika ipconfig /flushdns, zima VPN ya laptopu, na hakikisha sehemu ya “Proxy” ndani ya “Network & internet” haijawashwa.

Hatua ya 5: Sasa ndipo uiguse laptopu

Umefika hapa bila mafanikio? Fungua “Device Manager”, “Network adapters”, bofya kadi ya waifai kwa kitufe cha kulia, “Uninstall device”, halafu uwashe laptopu upya. Usiweke alama ya kufuta draiva, ili Windows iirudishe yenyewe. Ikishindikana, tumia “Network reset”, ambayo kwenye Windows 11 iko ndani ya “Advanced network settings”. Itafuta waifai zote zilizohifadhiwa pamoja na nywila zake, kwa hiyo ziandike mahali kwanza.

Na kama kazi ni ya haraka, usisubiri tiba. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB, inakaa palepale jirani na hotspoti. Hakikisha waya ni wa kupitisha data, si wa kuchaji tu. Tuma kazi yako, tatizo utalishughulikia baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Yangu inashika vizuri, ila nikienda kula nikirudi hotspoti imejizima yenyewe.

Hiyo si hitilafu, kaka. Simu nyingi za Android huzima hotspoti kama hakuna kifaa kilichounga kwa muda fulani, ili kuokoa chaji. Laptopu yako ikilala inajitoa, simu inaona haina mteja, inazima. Tafuta ndani ya mipangilio ya hotspoti sehemu ya kuzima kiotomatiki, uitoe au uongeze muda. Ukiitoa, chomeka simu kwenye chaja, maana hotspoti inakula betri.

Mimi inakatika kila nikichomeka diski ya nje. Nikiichomoa inarudi. Nimebadilisha simu mbili, ni vilevile. Ni uchawi gani huu?

Dada, umeangalia vizuri sana, na si uchawi. Vifaa vya USB 3 na nyaya zake hutoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye GHz 2.4. Diski ikiwa karibu na antena ya waifai ya laptopu, inaifunika sauti ya simu. Hamishia diski kwenye tundu la upande mwingine, tumia waya mrefu kidogo ili diski ikae mbali, na sogeza simu karibu na laptopu. Kama kadi yako inasikia GHz 5, hamia huko, kelele hizo hazitakusumbua.

Imeunga lakini bando la siku nzima limekwisha ndani ya dakika chache. Sijapakua chochote!

Pole sana. Kwa laptopu, hotspoti ni waifai kama nyingine, kwa hiyo Windows imeona nafasi ya kupakua masasisho, na huenda programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni nayo ikaanza kazi. Fungua mipangilio ya waifai, ingia kwenye “properties” za hotspoti yako, uwashe “Metered connection”. Windows itaacha kupakua masasisho mengi mpaka uruhusu. Ilitakiwa niliandike kwenye somo lenyewe. Wengine, fanyeni hivi siku ya kwanza mnapounga.

Tovuti nyingi zinaniambia si salama, nyingine zinagoma kabisa. Ping inajibu kama ulivyosema.

Angalia saa na tarehe ya laptopu. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu ikiamini iko mwaka mwingine, inavikataa. Rekebisha tarehe, funga kivinjari, fungua tena. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya ubao mama imechoka, ibadilishwe.

Mkuu, kwangu alama ya waifai yenyewe haipo. Nimebaki na ndege tu.

Hiyo ndege ni hali ya ndegeni, izime kwanza. Angalia pia vitufe vya juu vya kibodi, kimoja huwa na alama ya antena au ndege. Kibonyeze ukiwa umeshikilia Fn. Baadhi ya laptopu za zamani zina swichi ya kusukuma ubavuni. Isiporudi, andika services.msc, tafuta “WLAN AutoConfig”, hakikisha inaendeshwa na imewekwa “Automatic”. Na kama ndani ya “Device Manager” kadi haimo kabisa, hata baada ya kuchagua “Show hidden devices”, hapo nakubali kwamba inawezekana kweli kadi imelegea au imekufa. Mwambie fundi aikandamize vizuri mahali pake kabla hajakuuzia nyingine.