Lami ya Nyumbani na ya Maegesho Minnesota: Anzia Chini

Shemeji yangu alinunua nyumba Brooklyn Park, hapa Minnesota, Marekani, na kabla hajaingiza hata makochi akanipigia simu. "Shem, kuna jamaa wamesimama hapa na tipa. Wanasema wamebakiwa na lami kwenye kazi ya jirani, watanimwagia leo leo kwa nusu bei. Niwakubalie?"

Nikamwambia awashukuru, afunge mlango. Njia yake ya gari ina futi 20 kwa 45. Ukitaka lami yenye unene wa inchi 3 baada ya kushindiliwa, hiyo ni futi za ujazo 225, na kila futi moja ina uzito wa pauni 145 hivi. Jumla inafika tani 16 za Kimarekani, za pauni 2,000 kila moja. Mkandarasi anaagiza lami kwa tani na analipa kwa tani. Anaweza kubakiwa na toroli mbili tatu, lakini tani 16 hazibaki. Tena walitaka kuimwaga juu ya lami kuukuu iliyopasuka, bila kuchimba hata koleo moja.

Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kazi ya lami Minnesota. Nilianza kwa kushika reki nyuma ya mashine, sasa nasimamia gengi la watu saba. Nilikuja na uzoefu wa barabara za Iringa nikiamini lami naijua. Kule tulipambana na mvua na malori yaliyozidisha mzigo. Huku tunapambana na maji yaleyale, ila haya yanaganda.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Hilo peke yake lingevumilika. Balaa ni kwamba udongo laini, hasa ule wa tope na vumbi, hunyonya maji kutoka chini kama utambi wa koroboi na kuyapandisha hadi pale baridi ilipofika. Yakifika hapo yanaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka ardhi inaumuka kama unga uliotiwa hamira. Machi na Aprili barafu inayeyuka kuanzia juu, huku chini bado kumeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda. Lami inabaki imekalia uji. Gari la taka likipita siku hiyo, utaona nyufa zenye umbo la magamba ya mamba. Ndiyo maana kila majira ya kuchipua jimbo hupunguza uzito unaoruhusiwa kwa malori kwenye barabara nyingi.

Ili ardhi iumuke panahitajika vitu vitatu: baridi, udongo laini na maji. Baridi huiwezi. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, ili uwe chini ya ardhi inayoganda. Hakuna atakayechimba kiasi hicho kwa ajili ya maegesho. Kwa hiyo tunaondoa udongo mbaya kadiri tunavyoweza, na maji tunayanyima njia. Ukielewa hapo, bei za wakandarasi utazisoma kwa jicho lingine.

Kabla ya kuchimba, piga simu 811 siku kadhaa mapema waje kuchora mahali zinapopita nyaya na mabomba. Huduma hiyo ni bure. Uliza pia manispaa kuhusu kibali, hasa kwa kipande kinachoungana na barabara.

Kwa shemeji tulichimba inchi 12. Kona moja karibu na gereji tulikuta udongo wa kijivu, unaoteleza kama sabuni. Tuliutoa wote, tukashuka inchi 8 zaidi, tukatandika kitambaa maalumu cha ujenzi ili changarawe isizame kwenye tope. Juu yake ikaja changarawe ya kusagwa, ambayo mafundi wa huku wanaiita Klasi 5: mchanganyiko wa kokoto ndogo na kubwa zenye kingo kali zinazoshikana. Tulimwaga inchi 4, tukashindilia, kisha tabaka jingine, hivyohivyo hadi ikabaki nafasi ya lami. Usikubali zimwagwe zote kwa mkupuo mmoja, maana rola itabana juu tu na chini kutabaki kulegea. Unyevu nao una kipimo chake: ifinyange kiganjani. Ikishikana bila kuchuruzika iko tayari. Ikimwagika kama mchele, inyunyizie maji.

Halafu kinakuja kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Pitisha tipa lililojaa, polepole, wewe ukitembea kando ya matairi ukitazama chini. Pakibonyea na kurudi kama godoro, hapo chimba upya. Kwa shemeji palibonyea sehemu moja, hatua tatu kutoka gereji. Yeye aliona tunamchelewesha. Mimi niliona lami yake ya miaka mingi ijayo.

Mteremko uwe asilimia 2, yaani robo inchi kwa kila futi, na maji yaelekee mbali na nyumba. Bomba linaloshusha maji ya paa lisimwage pembeni ya lami. Ukiliacha hapo, unamwagilia ule utambi niliousema. Kwenye maegesho ya kanisa, msikiti au duka kuna la ziada: nafasi za watu wenye ulemavu haziruhusiwi kuzidi mteremko wa 1 kwa 48 upande wowote. Kwa hiyo maji yapangiwe njia tangu mwanzo, kwa kipima usawa, si kwa jicho.

Sasa lami yenyewe. Gundi yake nyeusi, inayoshikanisha kokoto, ina daraja linaloandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 58-28. Ya kwanza ni joto la lami, kwa Selsiasi, ambalo gundi huhimili bila kulainika na kubonyezwa na matairi. Ya pili ni baridi inayoweza kuhimili bila kupasuka, yaani nyuzi 28 chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 hewa ya Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Ndani ya lami baridi huwa pungufu kidogo ya ile ya hewani, lakini kwa maegesho ninayotaka yadumu, na kwa kazi za kaskazini, naomba 58-34. Uliza pia ni kiasi gani cha lami kuukuu iliyosagwa kimechanganywa. Si kitu kibaya, ila gundi iliyozeeka ni ngumu, na ikizidi hukatika baridi inapokaza. Daraja na kiasi hicho viandikwe kwenye mkataba.

Lami hutoka kiwandani na joto la nyuzi 150 hivi, na kushindilia kuwe kumekwisha kabla haijashuka chini ya 80. Hapo katikati ndipo kazi nzuri na mbovu zinapoachana. Tabaka la inchi moja na nusu, siku ya Oktoba yenye upepo, linakupa dakika chache tu. Kwa hiyo turubai lifunike tipa njiani, rola iwe imeshawaka kabla ya kumwaga, na mtu asimame na kipimajoto. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 mimi natuliza watu, tunasubiri. Viwanda vingi hufungwa theluji inapokaribia, na wiki za mwisho kila mkandarasi anakimbizana. Usiwe mteja wa mwisho wa Novemba. Afadhali ukae na changarawe iliyoshindiliwa hadi Mei.

Inchi 3 zilizoshindiliwa zinahitaji karibu inchi 3 na robo tatu zilizolegea. Pima mwenyewe kwa rula wakati inamwagwa, hakuna fundi mwaminifu atakayekasirika. Kwenye maegesho tunaweka inchi 4 kwa matabaka mawili, na katikati tunapuliza lami ya maji ili yashikane. Mahali pa pipa kubwa la taka weka zege, maana lori la taka likinyanyua pipa, magurudumu ya mbele hulemea sehemu moja kila wiki. Kingo zibanwe kwa mshazari, kisha zijaziwe udongo hadi usawa wa juu. Ukingo ulioachwa wazi ndio wa kwanza kumeguka.

Baada ya hapo usiingize gari siku tatu, na wakati wa joto usigeuze usukani gari likiwa limesimama. Kupaka rangi nyeusi ya kuziba subiri mwaka ujao, na hakikisha haina lami ya makaa ya mawe. Minnesota imepiga marufuku hiyo tangu 1 Januari 2014, kwa kuwa sumu yake husombwa na mvua hadi kwenye mabwawa.

Kabla ya theluji chomeka vijiti kando ya lami ili anayesukuma theluji aone mwisho wake, na mwambie anyanyue jembe kidogo. Chumvi ya kawaida hulegea nguvu baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo siku hizo mwaga mchanga. Aprili, barafu ikishaisha, tembea juu yote taratibu. Ufa unaopitisha sarafu ya robo dola, upulize usafike, ukauke kabisa, kisha jaza gundi ya moto yenye mpira kabla mvua za Mei hazijafika.