Washa udi kwanza: ninavyofundisha mshipa wa damu unavyotanuka

Usianze na ubao. Mimi huweka chetezo cha udi nyuma ya pazia la khanga, nasubiri mpaka wanafunzi wa kidato cha tano waanze kugeuza shingo. Hapo nawaambia: pazia ni utando wa seli, harufu ni naitriki oksidi. Ni gesi, haihitaji mlango.

Sasa panga wanafunzi safu mbili. Ya ndani ni endothelia, tabaka jembamba linaloguswa na damu. Ya nje ni misuli laini, nao wakamatane mikono kwa kubana. Damu ikisugua kwa kasi, au asetilikolini (kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini) ikigusa kipokezi chake, kalsiamu hupanda ndani ya endothelia. Kimeng'enya hutengeneza naitriki oksidi kutokana na arginini, aina ya asidi amino. Gesi huvuka hadi kwenye misuli, huamsha kimeng'enya kingine kinachounda GMP duara, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, na misuli hulegea. Waachie mikono! Gesi hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo zima udi mapema (mwalimu wa darasa la jirani ameshanilalamikia mara mbili).

Kisha ondoa safu ya ndani, ulete asetilikolini tena. Misuli hailegei, hubana. Mwanasayansi Robert Furchgott alionyesha hivyo mwaka 1980 kwa aota ya sungura, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mwaka 1998 akapata Nobeli pamoja na Ignarro na Murad. Hapa usiharakishe, maana ndipo wengi hushtuka.

Malizia kwa swali: kwa nini nitroglisarini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, hutanua mshipa hata endothelia ikiwa imeharibika? Wape dakika tano, bila daftari.