SOMO: Kukadiria kama kiyeyushi kitayeyusha plastiki, kabla hujafungua chupa

Nimeulizwa "asetoni inayeyusha polistirini?" mara nyingi mno, sasa naandika hapa mara moja. Ni njia ya Charles Hansen ya mwaka 1967. Mfano wetu ni asetoni, kile kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha, na polistirini, lile povu jeupe linalokinga televisheni ndani ya boksi.

1. Tafuta kwenye jedwali namba tatu za plastiki na tatu za kiyeyushi: D (mvutano wa kawaida wa molekuli), P (ncha za umeme), H (bondi za haidrojeni). Polistirini: 21.3, 5.8, 4.3. Asetoni: 15.5, 10.4, 7.0.

2. Tafuta R0 ya plastiki, yaani umbali wa mwisho ambao kiyeyushi bado huiyeyusha. Hapa ni 12.7. Itoke jedwali lile lile la namba tatu, usichanganye majedwali.

3. Piga Ra, umbali kati ya plastiki na kiyeyushi: Ra² = 4(tofauti ya D)² + (tofauti ya P)² + (tofauti ya H)².

Hiyo 4 ndiyo iliyoniponza. Niliisahau kwenye Excel, nikapata Ra 7.9, na nilipogawa kwa R0 ikaja 0.62. Nikaamini inayeyuka kabisa. Nikatumbukiza povu kwenye asetoni, likanywea papo hapo huku likichachatika, nikafurahi. Kumbe chini kulibaki donge linalovutika kama bigijii. Kesho yake liko palepale. Ukiweka 4, Ra ni 12.8, jibu 1.01. Andika 4 kwanza, mabano yafuate. Na jaribu nje, mbali na jiko: mvuke wa asetoni unashika moto upesi.

4. Gawa Ra kwa R0. Chini ya 1 huyeyuka, juu yake haiyeyuki, ikikaribia 1 huvimba tu. Kwa polistirini, toluini (kiyeyushi cha rangi za kupaka) ni 0.65, ethanoli 1.49.

MASWALI

— Mkuu, kwa kifupi, toluini inayeyusha au la?

Soma hatua ya 4.

— Nimepiga ya polithini na toluini, namba nzuri, mfuko haujaguswa. Njia ya uongo hii.

Hukusema joto ulilotumia. Minyororo ya polithini imejipanga kuwa fuwele, na hesabu hii haizioni fuwele. Zilini (ndugu wa toluini) ya moto huiyeyusha, ikipoa polithini hujitenga tena.

— Nikichanganya viyeyushi viwili je?

Umeuliza vizuri sana, dada. Piga wastani wa kila namba kwa ujazo. Saikloheksani (16.8, 0, 0.2) peke yake ni 0.90, asetoni 1.01. Nusu kwa nusu: 0.81. Mchanganyiko unavishinda vyote viwili, kwa sababu P na H zinakutana katikati, karibu na za polistirini.

— Mwanangu alikamulia ganda la chungwa kwenye puto, likapasuka!

Limonini hiyo, mafuta ya ganda la chungwa, inalainisha mpira. Kwa polistirini ni 0.72. Mpe kipande cha povu akamulie, ataona vishimo vinachimbika.