Kabla hujampakia mbwa kwenye gari kwenda Lushoto

Mara ya kwanza nampeleka mbwa wangu Lushoto, kule milimani Usambara, nilipiga simu gesti nikasema tunakuja wawili, mimi na Bosi, dada wa mapokezi akajibu karibuni sana. Tunafika saa mbili usiku, kibaridi kishaanza, nakuta wametandika vyumba viwili na kimoja kina taulo mpya kabisa, kumbe walielewa nakuja na bosi wangu wa kazini. Bosi ni mbwa. Mwenye gesti alimtazama mara moja tu akasema huyo hapana, usiku ule tukalala kwenye gari, vioo nimeshusha kidogo, mi nimejikunyata na kitenge cha mke wangu. Kwaiyo ukipiga simu taja neno MBWA, sema ukubwa wake, uliza atalala wapi, ndani, barazani au kuna banda, afu waombe wakujibu kwa meseji maana anayepokea simu leo siye utakayemkuta Ijumaa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndo ya kuanza nayo mapema kuliko vyote. Usichanje jana ukasafiri leo, kama ni mara yake ya kwanza mpe wiki tatu nne kinga ijijenge ndo uondoke, na kama alishachanjwa angalia kadi isiwe imepitwa. Huko vijijini mbwa hawafungwi, wakiona mgeni anapita njia yao wanakuja watatu wanne kwa pamoja, na vurugu likianza anayeng'atwa mara nyingi ni wewe unayeamua ugomvi. Ikitokea, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo tu, huu ugonjwa dalili zikishaanza hakuna dawa. Ukiwa kwa daktari wa mifugo muulize pia kuhusu kibali cha kumtoa mbwa mkoa mmoja kwenda mwingine, ili trafiki akikusimamisha uwe na karatasi mkononi.

Hapohapo kwa daktari maliza na habari ya kupe. Dawa ya kupe mpe siku kadhaa kabla, na kila jioni ukirudi matembezini mkague kwa vidole, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya kola. Homa ya kupe haipigi hodi siku hiyohiyo, unaweza ukawa umesharudi nyumbani wiki ya pili ndo unaona hali, fizi zimekuwa nyeupe au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Hapo usisubiri kesho.

Sasa barabara. Ukitoka Dar, Chalinze, Segera, Korogwe mpaka Mombo ni joto tupu, na mbwa hatoki jasho kama sisi, anapumua tu ulimi nje, kwaiyo ukisimama kula usimfungie kwenye gari hata kivulini. Dakika 10 tu zinatosha kupandisha joto la ndani nyuzi kama 10 hivi, wewe bado hata soda hujaletewa. Mpe maji kidogokidogo njiani. Chakula kiwe kimekwisha masaa manne kabla ya safari, mimi sikujua nikampa ugali na dagaa asubuhi, akavumilia mpaka Mombo, ila pale ukishaacha lami kubwa kuna kilomita 33 hivi za kona juu ya kona mpaka Lushoto mjini, tunakaribia Soni nikasikia ile sauti ya tumbo, yaani dagaa wote kwenye siti. Tandika shuka kuukuu, beba na mifuko ya plastiki migumu ya taka. Na kama huna usafiri wako usimbane kwenye buti la basi, bora abaki na jirani.

Huko juu ni kama mita 1,400, Juni na Julai usiku baridi inauma, mbwa wa manyoya mafupi aliyezoea Dar anatetemeka kweli. Blanketi lake la nyumbani lenye harufu yake linasaidia mara mbili, analala na halii usiku. Wiki tatu kabla anza kumtembeza kila siku, nyayo za mbwa wa kwenye pevingi ni laini, mawe ya mlimani yanazichubua.

Kuhusu watu, Lushoto kuna Waislamu wengi, na kwa wengi mate ya mbwa ni najisi, kikilambwa kitu kinaoshwa mara 7 na moja ni kwa udongo. Mtu anatoka kutawadha halafu Bosi anamkimbilia kumlamba kanzu kwa mapenzi, hapo umemtia kazi bure. Mnyororo mfupi, na mkikutana kwenye kinjia chembamba wewe ndo unasogea pembeni. Mbuzi na kuku nao wamejaa, akimuua mmoja utalipa, na bei itapangwa na mwenye mbuzi.

Irente usimfungue hata dakika moja, lile genge la mwamba linashuka moja kwa moja, na mbwa akiona ndege haangalii mbele. Msitu wa Magamba una mbega na ni hifadhi, waulize wahusika kabla hujaingia naye. Hifadhi za taifa kama Mkomazi au Kilimanjaro sahau kabisa, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi.

Kwenye begi lake weka bendeji, kibano cha kung'olea miiba na kupe, na chumvi ya kuoshea vidonda. Panadol na ibuprofen zako usimpe, zinaweza kumuua, vitunguu na chokoleti vilevile. Msimu wa plamu mwangalie, anameza na kokwa. Kwenye kola andika namba mbili za simu, yako na ya mtu aliyebaki nyumbani, maana ukiwa bondeni mtandao unakata, na aliyemwokota mbwa wako akikukosa mara mbili hapigi tena.