Somo: Anticucho za Lima kwa wageni wasioijua Peru

Wengi wanaotaka kuwaonjesha watu chakula cha Peru huanza na ceviche. Mgeni akisikia ni samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, hamu inamwisha kabla hajaonja. Mimi nawashauri muanze na anticucho: moyo wa ng'ombe wa kuchoma, chakula cha jioni cha mitaa ya Lima.

1. Nunua moyo, kilo moja. Upasue, uondoe mafuta, mishipa na utando wote mweupe. Usiharakishe hapa, utando ukibaki, mgeni atatafuna mpaka taya zimchoke. Kata vipande bapa, upana sentimita 4, unene sentimita 1.

2. Twanga kitunguu saumu punje 6. Changanya na siki nusu kikombe, binzari nyembamba vijiko 2 vya chai, oregano kijiko 1, chumvi, na ají panca ya kusaga vijiko 4 vya chakula. Ají panca ni pilipili iliyokaushwa, rangi ya damu ya mzee, haiwashi sana na inanukia moshi kwa mbali. Ladha yote inatoka hapo. Tenga viungo kidogo vya kupaka, vilivyobaki lowekea nyama usiku kucha kwenye friji.

3. Tunga vipande vitatu vitatu. Mkaa uwe umekolea. Wachomaji wa Lima hufunga maganda ya mahindi yakawa brashi, huchovya kwenye viungo vyenye mafuta, kisha hupaka nyama ikiwa motoni. Mafuta yakidondoka moto unaruka, na moshi wake ndio unaoita wateja. Dakika 2 hadi 3 kila upande zinatosha.

4. Pakua na kiazi cha kuchemsha kilichobabuliwa kidogo jikoni, mahindi, na pilipili ya kusaga.

5. Wakati wanakula, wape habari yake. Husimuliwa kwamba mabwana wa Kihispania walijichukulia minofu, mioyo na matumbo wakawaachia Waafrika waliowafanya watumwa, nao wakayageuza kuwa chakula cha kutamanika. Utumwa Peru ulifutwa mwaka 1854, na wanawake wenye asili ya Afrika ndio waliosifika kwa kuchoma na kuuza anticucho barabarani. Mpaka leo zinaliwa sana Oktoba, kwenye maandamano ya Señor de los Milagros, picha ya Kristo ambayo kwa mapokeo ilichorwa ukutani na mtumwa kutoka Angola mwaka 1651. Mgeni asiyeambiwa haya amekula mishkaki tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, huku nilipo ají panca haipatikani. Nifanyeje?
Ukiwa Ulaya au Marekani, ulizia maduka ya bidhaa za Amerika Kusini, huuzwa kwenye chupa ikiwa imesagwa. Ukikosa kabisa, loweka pilipili nyekundu kavu zisizo kali, saga, ongeza paprika ya moshi kidogo. Haitakuwa ileile, lakini itakaribia.

Shikamoo mwalimu. Wanangu hawali moyo, naweza kutumia steki?
Marahaba. Unaweza, hata Lima wapo wanaochoma kuku kwa viungo hivihivi. Ila wawekee na kijiti kimoja cha moyo pembeni. Ukikatwa vizuri hauna harufu wanayoiogopa.

Nakaa ghorofani, mkaa hauruhusiwi.
Tumia kikaango cha chuma kizito. Kipate moto mpaka kianze kutoa moshi, fungua madirisha, na usijaze vijiti vingi kwa mara moja, vitatoa maji badala ya kuungua kingo.