Kupanga Shahada ya Biolojia: Anza na Mwaka wa Tatu, Kisha Rudi Nyuma

Mwongozo huu ni wa anayeingia mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi katika biolojia, botania, zuolojia au mikrobiolojia kwenye chuo cha Tanzania. Wengi hupanga muhula kwa muhula kwa kufuata ratiba iliyobandikwa ukutani. Biolojia haipangiki hivyo. Kozi zake zimeshikana, na nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiangusha moja muhula wa kwanza, utaisubiri hadi mwaka unaofuata, na ile inayoitegemea itakusubiri nayo.

Tafuta prospektasi ya chuo (kitabu chenye programu na kozi zote) ya mwaka ulioingia wewe, si ya kaka yako, almanaki, yaani kalenda ya masomo ya chuo, na karatasi moja kubwa.

Hatua ya 1: Amua unaelekea wapi

Upande wa kulia wa karatasi andika kazi mbili au tatu unazozifikiria: utafiti wa wanyamapori, uvuvi, maabara ya kilimo, ualimu, shahada ya uzamili. Hapa kuna mtego mmoja wa kuuona mapema. Shahada ya biolojia au mikrobiolojia si sawa na shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Kazi ya maabara ya hospitali inahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, kwa hiyo kama ndiko unakoelekea, waulize Baraza kabla dirisha la kuhama programu halijafungwa. Ualimu nao una programu zake zenye masomo ya elimu ndani.

Hatua ya 2: Chora minyororo ya kozi

Kwenye prospektasi, kila kozi ina msimbo, idadi ya krediti, na kozi zinazotakiwa kuitangulia. Anza na kozi za mwaka wa tatu unazozitaka, kisha chora mishale kurudi nyuma. Mnyororo unaokamata watu wengi ni huu: kemia ya ogani, halafu biokemia, halafu biolojia ya molekuli. Wa pili: takwimu, halafu mbinu za utafiti, halafu mradi wa mwisho.

Utaona kwamba mishale mingi inaishia kwenye kozi ambazo si za biolojia. Ndiyo maana mwanafunzi aliyependa viumbe tangu sekondari anaweza kukwama kwa sababu ya kemia. Kama takwimu ni ya hiari kwenye programu yako, ichukue hata hivyo, tena mapema. Kuhesabu mimea kwenye kwadrati, yaani fremu ya mraba inayowekwa ardhini, ya mita 1 kwa 1 hakuna ugumu. Ugumu ni kujua uweke kwadrati ngapi na wapi. Anayeweka 20 kando ya njia na 3 katikati ya msitu ameshaharibu data, na hakuna programu ya kompyuta itakayomwokoa.

Hatua ya 3: Geuza krediti kuwa saa

Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi: mihadhara, maabara, kujisomea na mitihani kwa pamoja. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Muhula wa krediti 60 basi ni saa 600. Zigawe kwa wiki 17, zikiwamo za mitihani, utapata kama saa 35 kwa wiki. Kama ratiba inakula 22, zilizobaki 13 ni zako, na ripoti za maabara ndizo za kwanza kuzidai. Ziandike siku ileile ya prakti, ukiwa bado unakumbuka ulichokiona kwenye hadubini na ulikitazama kwa lenzi ipi. Mchoro usio na ukuzaji wala lebo hupoteza alama hata ukiwa mzuri.

Hatua ya 4: Piga GPA (wastani wa pointi zako) kabla ya matokeo

A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Zidisha pointi kwa krediti, jumlisha, gawa kwa jumla ya krediti. Mfano:

- Kemia ya ogani, krediti 12, C: 24
- Biolojia ya seli, krediti 12, B+: 48
- Zuolojia, krediti 12, B: 36
- Botania, krediti 8, B: 24
- Takwimu, krediti 8, A: 40
- Stadi za mawasiliano, krediti 8, A: 40

Jumla 212, gawa kwa 60, ni 3.53. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Sasa shusha stadi za mawasiliano, kozi ambayo kila mtu huidharau, kutoka A hadi B+: inabaki 204, yaani 3.4, na umeangukia daraja la pili la chini. Kinyume chake, ukipandisha kemia kutoka C hadi B unafika 3.73. Kozi yenye krediti nyingi ndiyo ya kwanza kupewa saa zako.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, usiifanye mpango. Kwenye vyuo vingi alama yake haipandi juu ya C hata ukipata 75. Na ukichelewa kuvuka mwaka, bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) nalo linaingia mashakani.

Hatua ya 5: Weka fildi (mafunzo ya vitendo nje ya chuo) na mradi kwenye kalenda ya mvua

Hili husahaulika kuliko yote. Anayetaka kusoma vyura anahitaji masika, Machi hadi Mei. Akipangiwa kukusanya data Agosti, atarudi na daftari tupu. Mimea nayo ni vigumu kuitambua bila maua au matunda. Kazi ya molekuli ina tatizo jingine: vitendanishi huagizwa, na huchelewa.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, chukua barua ya utambulisho idarani na uanze kuomba nafasi kwenye taasisi za utafiti za taifa: TAWIRI kwa wanyamapori, TAFIRI kwa uvuvi, TARI kwa kilimo, NIMR kwa magonjwa. Barua iseme tarehe, idadi ya wiki, na unachoweza kufanya kwa mikono yako. "Naomba nafasi ya mafunzo" peke yake hukaa mezani.

Hatua ya 6: Ipeleke karatasi kwa mshauri wa masomo

Nenda wiki ya pili, foleni ya usajili ikiwa imepungua. Muulize mambo mawili: kozi ipi ya hiari haijafundishwa miaka ya karibuni ingawa imo kwenye prospektasi, na mwalimu yupi anapokea wanafunzi wa mradi katika eneo lako. Kisha sajili kozi kwenye mfumo, chapisha fomu, na uhakiki misimbo mmoja mmoja. Tarakimu moja ikikosewa, unaweza kufanya mtihani wa kozi ambayo jina lako halimo.